Shikamoo ya Namba Tisa

Kwenye raga, mtu mfupi kuliko wote ndiye anayepewa kazi ya kuwafokea wote. Anaitwa namba tisa. Mbele yake kuna wanaume wanane walioshikana mabega, wanasukumana na wanane wengine kama mafahali waliokutana kisimani, na yeye yuko nyuma yao ameinama. Anaingiza mpira, anauchimbua, anawarushia wenye mbio, na muda wote huo mdomo haufungwi. Mimi nilikuwa namba tisa kwa miaka minne. Aliyenifundisha tulimwita Kocha, na mpaka leo jina lake la ubatizo silijui, ingawa nilikula kwake mara nyingi kuliko nilivyokula kwa mjomba wangu. Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, hayo muulizeni mwingine. Ninachojua mimi ni kwamba kuna shikamoo yake moja sikumpa, na ilinikaa kooni miaka saba kama mwiba wa sato.

Shikamoo hiyo haitaeleweka mpaka nieleze desturi yetu.

Timu yetu ilikuwa ya wachimbaji wadogo, wapakia mawe na sisi wa bodaboda, katika mji ulio pembezoni mwa Bulyanhulu. Wale wanane wa mbele walikuwa watu wazima, wenye wake na mifugo, wengine rika la baba yangu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Sasa wewe nenda kamwambie mzee wa Kisukuma mwenye ng'ombe sitini, "Wewe, kulia, inama, sukuma," bila hata kumwamkia. Mechi yetu ya kwanza kabisa nilijaribu kuwa na adabu. Nilimwambia yule mzee, "Shikamoo baba, naomba usogee kulia kidogo." Akaitikia marahaba, akaniuliza habari za mama. Wakati namjibu kwamba mama hajambo, namba tisa wa timu pinzani alikuwa ameshaokota mpira na kwenda nao kufunga.

Jioni ile Kocha alitukalisha chini akatunga sheria. Kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, namba tisa hana mkubwa. Hana baba, hana mjomba, hana mkwe. Atasema anachotaka kwa anayemtaka, na aliyeambiwa atatii kwanza, kununa baadaye. Lakini filimbi ya mwisho ikilia, kabla hajagusa maji, namba tisa atawapitia wazee wote mmoja mmoja, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, aseme shikamoo, naye kila mmoja amwitikie marahaba. Hapo yote yaliyosemwa yanabaki kwenye nyasi. Akimruka mmoja, basi kwa huyo matusi yamesimama, na hata nje ya uwanja atahesabika amemtukana mtu mzima.

Wazee waliguna, wakakubali. Baada ya miezi michache walikuwa wameizoea hadi wakaanza kudai. Mmoja alinifuata kijiweni kwetu siku ya Jumatatu, mbele ya abiria, akaniuliza kwa nini jana sikumfokea, kwani nimesikia nini juu yake. Nikamwomba radhi nikamwahidi kwamba Jumapili nitamfokea vizuri.

Kocha mwenyewe alisimama wa mwisho kwenye mstari ule. Nikimfikia, nasema shikamoo, anasema, "Marahaba, Tisa," halafu ananipa kosa langu moja. Ungeweza kufanya makosa kumi na nane, anakupa moja tu. Mengine alisema nitayagundua mwenyewe nikiwa nimelala.

Alikuwa na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Aliijenga nyuma ya nyumba yake, na kwa miaka mingi alilala, akala na kusali pembeni ya ngurumo ile. Raga alikuwa ameijulia ujanani, akiwa kibarua wa wageni waliokuja kutoboa ardhi kutafuta miamba yenye dhahabu. Walikuwa wakicheza Jumapili. Kwanza walimtuma kuokota mpira ukitoka nje. Alipozidi kuurudisha haraka kuliko walivyouhitaji, wakamweka namba tisa. Walipoondoka walimwachia mipira mitatu na filimbi, naye akaona si vizuri vitu vile vikae bure. Magoli tuliyajenga kwa matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za shimo zisiporomoke. Yalikuwa yamepinda kidogo, ila Kocha alisema yamepinda kwa wote.

Mimi alinichagua kwa sababu ya mdomo. Sikuwa na mbio, sikuwa na kifua. Aliniona kijiweni nikigombana na abiria wawili na mwendesha pikipiki mwenzangu kwa wakati mmoja, huku namwelekeza mama mmoja njia ya zahanati, na nilimwelekeza sawasawa. Akaja akaniuliza kama Jumapili nina kazi. Nilifikiri ananikodi.

Somo la kwanza halikuwa na mpira. Alinipeleka uani kwake, akaniambia nimwangalie mkewe, Mama Kabula, akifagia. Mama Kabula aliuliza kulikoni, hakujibiwa, akaendelea na ufagio wake mfupi wa kushika mkononi. Nikaangalia mpaka uwanja ukaisha. Kocha akaniuliza nimeona nini. Nikasema nimeona uwanja msafi. Akasema hapana: ameinama mara moja tu. Hainuki kila akisogeza taka, angeinuka angefagia mpaka Pasaka. Namba tisa naye hainuki. Mpira uko chini, unauzoa na kuurusha kwa mkupuo uleule, hakuna kuuleta kifuani kwanza kana kwamba unambembeleza mtoto. Kuanzia siku ile nilirusha mipira ndani ya tairi lililoning'inizwa kwenye goli, mia kulia, mia kushoto. Kulia nilijua upesi. Kushoto mkono ulikuwa mzito, na kosa langu la kila mwezi lilikuwa lilelile, kwamba pasi ya kushoto inachelewa.

Alipenda kusema namba tisa ni mlango, siyo chumba, mpira haulali kwako. Ukiupata una njia tatu: kuwapasia wenzako, kuupiga teke la juu upite vichwa vya wazee uanguke mgongoni kwa adui, au kukimbia nao mwenyewe pembeni ya kundi kabla hawajakustukia. Ukifikiri sekunde mbili umeshachagua ya nne, ambayo ni kulaliwa. Na yeye huyo aliyehubiri kuachia upesi, nyumbani hakuachia kitu. Spana yake ukiiomba unaitumia hapohapo mbele ya macho yake. Nilimfahamu akiwa na koti moja, na koti hilo lilikuwa na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na michembe hiyo alikupa kwa kuhesabu.

Somo la sauti ndilo lililonitoa jasho. Aliwasha karasha, akanisimamisha upande mmoja, yeye akaenda upande wa pili, akaniambia nitoe amri. Nikapaza. "Sikusikii," akasema. Nikapaza zaidi. "Sikusikii, Tisa." Nilipaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama na kuku wakahama kwa jirani. Mwendesha mashine wake, mtu mpole, aliniambia pembeni kwamba yeye amenisikia tangu mara ya kwanza, tena vizuri, hajui mwenye mali anataka nini. Mimi nilijua anachotaka. Nilijua ananijenga. Mwaka wa pili nilikuwa nikitoa amri uwanjani, watu walio sokoni wanasogea kulia.

Mwenyewe nyumbani alikuwa bubu kabisa. Aliyezungumza ni Mama Kabula, kwa niaba ya wote wawili, na mara nyingi alijiuliza na kujijibu. Ukitembea na Kocha alitaka uwe kuliani kwake, ukienda kushoto anakuzunguka mpaka mrudi sawa. Nilidhani ni mambo ya heshima ya kwao. Kanisani alikaa benchi la kwanza kabisa, na "Amina" yake ilikuja baada ya Amina za watu wote, peke yake, nzito, hata padri akazoea kuisubiri. Waumini walisema yule mzee ana imani iliyotulia. Huyo mwenye imani iliyotulia, alipoambiwa timu za huko Kishapu zinatumia dawa, alisema hirizi haitoi pasi, kisha kesho yake asubuhi nikamkuta anamwaga kitu cha unga kwenye nguzo za goli. Akaniambia ni dawa ya mchwa. Labda ilikuwa ya mchwa kweli.

Sasa ile siku.

Walikuja watu wa Maganzo, wachimbaji wa almasi, watu waliozoea kukaa wameinama siku nzima kwenye mchanga, kwa hiyo walikuwa wazuri sana chini. Mapumziko yalitukuta sawa kwa sawa. Tunatafuna michembe yetu, mara ikaja pikipiki mbio, na aliyeipanda akasema neno moja tu: rashi. Duara, yaani shimo la dhahabu, limetema huko ng'ambo ya mto, dhahabu inaonekana kwa macho, watu wanagawana viwanja. Namba mbili wetu, anayekaa katikati ya mstari wa mbele, hakuaga. Alipanda nyuma ya pikipiki ileile na jezi yetu, na viatu vyetu. Hatukumlaumu, na wengine walibaki kwa sababu pikipiki ilikuwa moja.

Mtu wa akiba hatukuwa naye. Kocha akavua koti, akalikunja, akampa mkewe, akaingia yeye. Alikuwa amepita hamsini. Mama Kabula alisema maneno mengi, kisha akaondoka zake na koti, akasema hataki kuona.

Dakika za mwisho watu wa Maganzo walikuwa mbele kwa pointi nne, nasi tulikuwa hatua tano kutoka mstari wao. Mzee wetu mmoja akabeba mpira, akaangushwa. Katika raga mtu akianguka hivyo, wenzake wanapita juu yake kuwasukuma maadui, na mpira unabaki chini ukimsubiri namba tisa auchomoe. Nikafika wa kwanza. Kulia kwangu hakukuwa na adui hata mmoja, uwanja mweupe, na kijana wetu mwenye mbio alikuwa ananyoosha mikono. Mpira niliuona. Kocha alikuwa ameuangukia, ubavu umeulalia, sikio la kushoto liko juu. Nikamwambia atoke, abingirike kushoto. Hakutoka. Nikapaza, kwa sauti ile aliyonijenga yeye. Hakutoka. Mara ya tatu akajisogeza, na akajisogeza kulia, akaulalia mpira wote. Refa akapuliza: umezuia mpira, adhabu kwetu. Wakaupiga nje, filimbi ya mwisho ikalia.

Niliwapitia wazee mmoja mmoja, shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba. Nikamfikia Kocha. Alikuwa amesimama mwisho wa mstari kama kawaida, matope mpaka kwenye nyusi. Watu wote wanatazama. Nikamwambia:

"Kumbe sheria ni yetu sisi wadogo. Wewe ukiamriwa unajiona mkubwa."

Akaniangalia. Akafuta mikono kwenye kaptula.

"Pasi yako ya kushoto bado inachelewa," akasema.

Nilipandwa na hasira mpaka nikaona giza. Pasi ya kushoto! Mpira ameulalia yeye, mimi ningepasi nini? Nikampa mgongo, nikaenda kunywa maji. Hivyo ndivyo shikamoo ile ilivyobaki.

Jumapili iliyofuata sikwenda. Wazee walimtaka mtoto wa fundi cherehani awe namba tisa, akasimama pale akiwaomba wasogee tafadhali, mambo yakawa yaleyale ya mechi ya kwanza. Baada ya miezi mitatu timu ilikuwa imekufa. Magoli yaling'olewa, yakarudi kwenye maduara kufanya kazi yake ya asili. Mimi nikahamia Geita nikafungua duka la spea za pikipiki. Huku nyuma nikasikia Kocha ameuza karasha na kuhamia Maganzo, kwa wakwe zake, na watu walimcheka kwa hilo, mwanaume mzima kurudi kwa wakwe. Nilicheka nao. Sikujisikia vizuri, ila nilicheka.

Miaka saba hiyo nilijiambia kwamba mimi ndiye niliyekosewa. Nilikuwa na hoja zote, nilizipanga, na kijiweni ningemshinda mtu yeyote. Tatizo ni kwamba kila nikimwamkia mtu mzima mkono wangu wa kushoto unashika kiwiko, halafu namkumbuka.

Mwaka huu mteja wa Shinyanga mjini aliagiza mzigo, nikaamua kuupeleka mwenyewe kwa pikipiki. Maganzo iko barabarani. Niliuliza mara moja tu nikaonyeshwa: nyumba ya bati, mzee amekaa nje kwenye kigoda, ameinamia chekeche, ule wavu wa kuchujia mchanga wa almasi, anaziba tundu kwa waya. Koti ni lilelile. Nilikuwa natokea kushotoni kwake. Nikasimama hatua mbili, nikashika kiwiko, nikasema, "Shikamoo, Kocha."

Hakuinua kichwa. Akapinda waya.

Nikarudia. Akakata waya kwa meno, akaanza tundu jingine.

Basi, nikasema moyoni, nimenyimwa marahaba, na pengine ninastahili. Iliniuma kuliko nilivyotegemea. Nikageuka kuifuata pikipiki. Mama Kabula akatoka ndani na ndoo, akanitambua, akaniuliza ndo kwanza nimefika au ndo nimeondoka. Nikamwambia mzee hataki kuniitikia, na sababu ninaijua, ni yale niliyomwambia siku ya watu wa Maganzo. Akaniuliza yapi. Nikamweleza yote, na mpira, na kushoto, na kujiona mkubwa.

Akatua ndoo.

"Wewe mtoto, sikio lake la kushoto lilikufa kabla hujaanza kuja kwangu kunikodolea macho nikifagia. Karasha ililila. Na la kulia limebaki kipande. Siku ile alirudi nyumbani akaniuliza, 'Tisa alisema nini pale mwisho?' Nikamwambia sikuwepo, si angemuuliza mwenyewe. Akasema anaona aibu. Mtu aliyekuwa namba tisa leo hasikii, ataanzaje kuwaambia watu?"

Nikamuuliza, kwa hiyo hajui nilichosema.

"Atajuaje? Anachojua ni kwamba hukumwamkia. Miaka yote hii anasema lazima alikukosea kitu kikubwa, ila hajui ni kitu gani."

Nilishindwa kumwangalia. Nilikumbuka zile "Sikusikii" zote, na kuku waliohama, na Amina ya peke yake. Hakuwa ananijenga. Alikuwa hanisikii. Na mimi, mdomo wote huu, sikuwahi kukaa kimya kidogo nikamwona.

Nikarudi. Nikazunguka nikasimama kuliani kwake. Nikainama kama alivyonifundisha, nikajaza kifua, nikaitoa shikamoo kwa sauti ya uwanjani, ile ya karasha, ile ya kuwasogeza watu walio sokoni. Barabarani pikipiki mbili zikafunga breki. Jirani akatoka na mwiko mkononi kuangalia nani anapigwa.

Kocha aliinua kichwa. Akaniangalia kuanzia viatu, akapanda polepole hadi usoni, akaweka chekeche chini.

"Marahaba, Tisa," akasema. "Umechelewa. Na usinipigie kelele, mimi siyo kiziwi."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akanihesabia michembe minne. Nikavuta kigoda, nikakaa upande wake wa kulia.